Bakteria wa Nissle na Maradhi ya Utumbo

Mnamo mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tabibu Mjerumani Alfred Nissle alimtenga bakteria mmoja kutoka katika kinyesi cha askari ambaye hakuhara ilhali wenzake waliugua. Bakteria huyo alikuwa wa jamii ya Esherikia koli, ambayo baadhi ya koo zake ndizo hasa zituletealo kuhara. Je, kiumbe wa jamii hiyo aweza kuwa dawa?

Swali hili lina uzito kwa wagonjwa wa maradhi mawili ya kudumu: kolitisi ya vidonda, iushikayo utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, uwezao kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Katika yote mawili kinga ya mwili hupita kiasi na kuujeruhi utumbo wenyewe. Mgonjwa hupata nafuu, kisha huugua tena.

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 327 wa kolitisi waliokuwa na nafuu. Kundi moja lilipewa bakteria wa Nissle. La pili lilipewa mesalazini, dawa iliyozoeleka. Miongoni mwa waliofuata masharti ya jaribio kwa miezi 12, ugonjwa uliwarudia asilimia 36.4 ya kundi la kwanza, na asilimia 33.9 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo.

Hata hivyo, katika ugonjwa wa Crohn bakteria wa namna hii hawajathibitika kuwa na manufaa. Huko chakula ndicho kilichosaidia zaidi: watoto wengi hupata nafuu wanapolishwa chakula cha majimaji chenye virutubisho vyote, pasipo kingine, kwa wiki 6 hadi 8.

Basi na mtindi wetu? Ni chakula bora, lakini bakteria wake ni wa jamii nyingine. Mgonjwa aachaye dawa kwa kutegemea kibuyu cha mtindi hujihatarisha. Tena, kuhara damu huweza kutokana na amiba au shigela; hivyo sharti vipimo vitangulie.

Mwanafunzi asikiapo kwamba bakteria fulani huponya, na aulize: ni bakteria yupi, kwa ugonjwa upi, na amelinganishwa na nini?