Panda Mlima Ulione Bonde Lako

Ukitoka nje ya nyumba yako Ifakara, Kiberege au Mang'ula, asubuhi baada ya mvua kunyesha usiku kucha, unaiona milima ya Udzungwa imesimama upande wa machweo kama ukuta. Umeiona tangu utotoni. Umeitazama ukiwa shambani, ukiwa mtoni, ukiwa njiani kwenda kanisani. Lakini je, umewahi kuipanda?

Katika nchi ya Ujerumani, kandokando ya mto Rhine, watu wana desturi ya kutembea vilimani siku za mapumziko. Baba, mama na watoto huchukua mkate na maji, hufuata njia ya miguu hadi juu, na huko hukuta magofu ya ngome za watawala wa kale. Hukaa juu ya mawe yale, hula, hutazama mto chini, na watoto husimuliwa vita vya zamani. Sisi nasi tunavyo vilima, tunao mto, na vita tulipigana. Kinachokosekana ni desturi ya kwenda kuona.

Basi twende. Tuanze na Sanje, kwa maana ni karibu na watoto wakubwa wanapaweza. Kijiji cha Sanje kipo kando ya barabara ya Mikumi, kaskazini ya Mang'ula. Hapo ndipo njia inapoanza kupanda ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Hifadhi hii haina barabara za magari ndani yake. Tajiri na maskini wote hutembea kwa miguu. Utalipa kiingilio, na mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni. Utapewa mwongozaji. Usimdharau ukisema, "Mimi ni mtu wa hapa." Tembo na nyati hawamjui mwenyeji.

Maporomoko ya Sanje huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake mita 170 hivi. Ukifika juu, geuka nyuma kabla hujanawa uso. Utaliona bonde lote limetandazwa: miwa kuelekea Kidatu, mpunga, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na mbali sana weupe wa maji. Ndipo utakapofahamu jambo ambalo chini hulioni. Mito inayotoka katika msitu ule juu ya kichwa chako ndiyo inayonywesha mashamba yale. Na mto Kilombero, unaoikusanya mito ya pande zote mbili za bonde, hutoa zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji.

Njiani utasikia mbega wekundu wakirukaruka juu ya miti. Ukibahatika utamwona na ngolaga wa Sanje. Wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, na habari zake zikaenea duniani kama jambo jipya kabisa. Wazee wa hapa walikuwa wakimjua siku zote! Na yule kwale wa Udzungwa, aliyegunduliwa mwaka 1991 upande wa Iringa, yasemekana wageni walimtambua kwanza kwa miguu yake, waliyoikuta ndani ya chungu cha mchuzi.

Najua wapo watakaonung'unika hapa. Mama mmoja atasema: "Hadi mwaka 2011 tuliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku maalumu, kisha tukakatazwa. Leo mnataka nilipe ili nikautazame msitu ule ule?" Neno lake ni zito, na si haki kulicheka. Aliyetembea mbali zaidi kutafuta kuni ndiye aliyegharimia msitu huo, tena zaidi ya mgeni mwenye kamera. Lakini kwa sababu hiyo hiyo naona yeye na wanawe wanastahili kupanda na kuona walichokigharimia. Mtoto asiyeingia kamwe atakua akidhani mlima ni mali ya serikali na watalii.

Wenye miguu ya nguvu wanaweza kupanda kilele cha Mwanihana, kilicho juu ya mita 2,000. Hiyo ni safari ya siku tatu, kilomita 38 hivi kwenda na kurudi.

Magofu utayaona ukizunguka mgongo wa milima hiyo hiyo. Panda basi kupitia Mikumi na mlima Kitonga hadi Iringa. Kalenga ni mwendo wa kilomita 15 hivi kutoka mjini. Hapo Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijenga ngome ya mawe na udongo, ukuta wake mrefu kupita mtu. Majeshi yake yalikuwa yamewashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja ngome. Mkwawa alipigana porini miaka mingine karibu minne, akajiua mwaka 1898 asikamatwe. Fuvu la kichwa chake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954. Limo katika makumbusho pale Kalenga. Ukuta umebaki vipande tu. Kisha pandeni hadi misioni ya Tosamaganga, kilimani, mpate upepo na chakula chenu.

Lakini safari ninayokusihi hasa uifanye ni ya Mahenge. Toka Ifakara uelekee kusini. Daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018. Kabla yake ilikuwa ni kivuko, na wengi mnakumbuka hofu ya kuvuka wakati wa mafuriko. Ukipita Lupiro, barabara yaanza kupanda, na hewa yaanza kupoa. Ifakara ipo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Mahenge ni karibu mita 1,000.

Wajerumani walijenga boma lao huku kwa sababu mwenye kukaa juu huona vumbi la adui kabla adui hajafika. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, maelfu ya watu walilishambulia boma hilo, Wapogoro na Wambunga wakiwa mbele. Walikuwa wamepewa maji, wakaambiwa risasi hazitawadhuru. Ndani ya boma zilikuwemo bunduki mbili za rashasha. Walianguka kwa mamia. Waliosalia hawakukimbia makwao. Waliuzingira mji hadi tarehe 23 Septemba, jeshi la Kapteni Nigmann lilipofika kutoka Iringa. Kisha mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya waliokufa katika vita vyote hutajwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Wala usiwaambie watoto kwamba vilikuwa vita vya weupe na weusi tu. Askari wengi wa lile boma walikuwa Waafrika, na Kiwanga, mtemi wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani. Huenda katika ukoo wako mna waliokuwa nje ya ukuta na waliokuwa ndani. Mwaka 1917 Wabelgiji waliuteka mji, na Wajerumani hawakurudi tena.

Usitegemee kukuta ngome kama zile za Rhine. Muulize mzee wa mji akuonyeshe mahali, na umsikilize, hata kama hesabu yake haipatani na ya vitabu. Karibu hapo ni Kwiro, misioni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1902.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri. Wakati wa masika njia za Sanje huteleza vibaya. Vaeni viatu vilivyofungwa, msivae ndala. Chukueni maji, ndizi na viazi vilivyochemshwa, na mrudi na maganda ya plastiki mliyokwenda nayo. Ondokeni alfajiri. Mama mzazi na bibi wa magoti mabaya wasiachwe nyumbani. Mahenge hufikiwa kwa basi, nao wataona kama ninyi.