Matroni na Hesabu ya Zamu

Mkazi wa Gatitu akizidiwa na ugonjwa usiku, kuna uwezekano mkubwa atakimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, ile ambayo wengi bado huiita PGH. Daktari atampima, ataandika dawa, kisha ataitwa kwingine. Atakayebaki naye hadi kupambazuke ni muuguzi. Iwapo muuguzi huyo ana wagonjwa kumi au arobaini, hilo linategemea sana mtu ambaye wagonjwa wengi hawamjui hata kwa sura: matroni, ambaye barua za serikali siku hizi humwita meneja wa huduma za uuguzi. Naamini amebebeshwa jukumu kubwa akanyimwa mamlaka ya kulitimiza, na anayeumia ni mgonjwa.

Tazama karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani mwa wodi yoyote. Wodi inayohitaji wauguzi wawili usiku na mchana, kwa zamu tatu za saa nane, ina nafasi 42 za kujazwa kila wiki. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 hujaza nafasi tano. Basi wanahitajika wauguzi tisa, na hapo bado hujamhesabu aliye likizoni, aliyejifungua, aliyekwenda masomoni wala aliyeshikwa na homa. Matroni aliyepewa sita atafanya nini? Atawarudisha kazini waliostahili kupumzika, au atamwachia mmoja wodi nzima usiku kucha. Madhara yake yamepimwa. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali za Pennsylvania, Marekani, na mwaka 2002 wakaonyesha kuwa kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi mmoja huenda sambamba na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Ni kweli, Pennsylvania si Nyeri. Lakini hata Nairobi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioingia wodi za watoto wachanga walikuta kazi nyingi za uuguzi zikiachwa bila kufanywa, au zikiachiwa akina mama.

Anayefika kwenye kiti cha matroni hakuokotwa njiani. Katika eneo hili huenda alisomea Tumutumu, Mathari au chuo cha KMTC Nyeri, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi, akakesha wodini miaka mingi, akawa inchaji wa wodi, akarudi darasani kutafuta shahada na mafunzo ya uongozi. Nyeri inajua thamani ya uuguzi: Sista Irene Stefani, aliyewahudumia wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi kabla ya kuja kufanya kazi Gikondi, alitangazwa mwenyeheri hapa Mei 2015. Huruma yake inakumbukwa, na ni haki ikumbukwe. Ila tumezoea kumsifu muuguzi kwa huruma tu, tukasahau kwamba anaweza kutawala. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa Afisa Mkuu wa Uuguzi nchini, aliliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo.

Wapo wasemao hospitali huongozwa na daktari na mabosi wawili huleta vurugu. Sidai matroni achukue kiti cha msimamizi wa hospitali. Nadai kwamba idadi ya wauguzi wodini ni suala la kitaalamu, na mtaalamu wake ndiye awe na kauli. Wengine huona kumpandisha cheo muuguzi hodari ni kumwondoa kwa mgonjwa. Hofu hiyo ina uzito, na dawa yake ni kumlipa vizuri pia yule anayependa kubaki wodini. Pingamizi gumu zaidi ni la fedha: matroni hata akipewa kauli, hazina ya kaunti haitajaa kwa hilo. Nakubali. Lakini uhaba ndio hasa unaomhitaji mtu anayejua pengo lipi linaua na lipi linavumilika. Tangu 2013 ajira za afya ziko mikononi mwa kaunti, na mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu kuanzia Juni hadi Novemba, uliwaacha wasimamizi wa uuguzi wakijibu maswali ya wodi tupu kwa mzozo wa mishahara ambao hawakuwa na uwezo wa kuutatua.

Sasa kuna nafasi. Sheria ya 2023 inaruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya na kuzitumia zenyewe. Matroni aketi kwenye kikao kinachogawa fedha hizo, na hesabu yake ya zamu iambatanishwe na makadirio ya bajeti ambayo serikali ya kaunti hupeleka kwa bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya kupitishwa, makadirio hayo huletwa kwa wananchi watoe maoni. Mtu wa Gatitu anaweza kusimama katika kikao hicho na kuuliza wodi ya wazazi ina wauguzi wangapi usiku, na matroni aliomba wangapi.