Vidonge vya Kalsiamu na Jinsi Mwili Unavyovifyonza

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili huhifadhiwa kwenye mifupa na meno. Damu ikipungukiwa na kalsiamu, mwili huyachota madini hayo kutoka kwenye mifupa. Hali hiyo ikidumu kwa miaka mingi, mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa urahisi. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku.

Kumeza kidonge pekee hakutoshi. Utumbo mwembamba hufyonza kalsiamu kwa msaada wa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza inapopigwa na jua. Ufyonzaji huwa bora kwa kiasi kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja, hivyo dozi kubwa hugawanywa.

Aina mbili hutumika sana. Kalsiamu kaboneti ina asilimia 40 ya kalsiamu halisi, lakini huhitaji asidi ya tumbo, hivyo humezwa pamoja na chakula. Kalsiamu sitreti ina asilimia 21 tu, ila hufyonzwa hata tumbo likiwa tupu, na huwafaa wanaotumia dawa za kupunguza asidi. Kalsiamu hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma na wa dawa kama tetrasaiklini, kwa hiyo visimezwe kwa wakati mmoja.

Chakula ndicho chanzo cha kwanza: maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata mawe kwenye figo amwone daktari kabla ya kuanza vidonge.