Mawenzi, Ndugu wa Kibo

Watu wengi wakisikia jina la Kilimanjaro hukumbuka kilele kimoja tu, nacho ni Kibo, chenye theluji. Lakini upande wa mashariki kuna kilele cha pili, kiitwacho Mawenzi. Kimo cha Kibo ni mita 5,895, na kimo cha Mawenzi ni mita 5,149. Kibo ni kirefu zaidi, walakini mtu mwenye nguvu na pumzi aweza kukifikia kwa kutembea. Mawenzi hakifikiki kwa miguu peke yake. Apandaye hana budi kushika mwamba kwa mikono na kujifunga kamba.

Wachaga husimulia kwamba zamani Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto. Akapewa moto na chakula pia. Alipokuwa njiani aliuzima moto kwa hila, akarudi kuomba tena. Mara ya tatu Kibo akakasirika, akatwaa mchi, akampiga hata kichwa kikavunjika-vunjika.

Sasa na tutazame sababu yenyewe. Mawenzi ulikuwa mlima wa moto kama Kibo, lakini moto wake ulizimika miaka elfu nyingi iliyopita. Hapo hadithi haikukosea, kwa maana katika shimo la Kibo mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka hata leo. Moto wa Mawenzi ulipokuwa ungali ukiwaka, mawe yaliyoyeyuka yaliingia katika nyufa za mlima, yakaganda, yakawa kuta ngumu. Baadaye mvua, upepo na barafu vilikula majivu na mawe laini yaliyokuwa kando. Kuta zile ngumu zikasalia, zimesimama kama meno.

Kazi hiyo haijakoma. Mchana maji huingia katika nyufa. Usiku huganda, na kwa kuwa barafu hutaka nafasi kubwa kuliko maji, huupasua mwamba. Asubuhi jua huyeyusha barafu iliyoyashika mawe, nayo huporomoka. Kwa hiyo mpandaji mwenye busara huondoka kabla ya mapambazuko.

Kibo kilipandwa mwaka 1889. Ilipita miaka 23 ndipo Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipofika juu ya Mawenzi, mwaka 1912.

Je, msafiri asiyejua kutumia kamba asiende? Na aende. Iko njia ya miguu ifikayo kwenye ziwa dogo chini ya majabali, mahali penye kimo cha mita 4,300 hivi. Hapo aweza kupiga hema, na kuyatazama meno ya Mawenzi yakibadilika rangi jua lichwapo. Lakini asivuke mpaka huo. Kurudi kutoka hapo si aibu, kwa kuwa ugumu wa mlima haujulikani kwa kimo chake tu.