Shira za Nyumbani kwa Siku za Kipupwe

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kipupwe, na wenzetu wakaao Njombe na Makete waijua kutupita sisi wengine, kwa kuwa huko juu Kitulo umande hugeuka jalidi asubuhi. Ndiyo miezi ambayo darasa zima hukohoa hata mwalimu asisikike. Basi twaona yafaa kuandika habari za shira, yaani maji ya sukari yaliyopikwa yakawa mazito, yenye nguvu ya viungo au matunda, ambayo kila mama aweza kuyapika jikoni mwake.

Twaanza na ya tangawizi, nayo ndiyo tuipendayo kuliko zote. Twaa gramu 100 za tangawizi mbichi, uioshe, uiponde, uitie sufuriani pamoja na vikombe 2 vya maji, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu 4. Chemsha kwa moto mdogo hata maji yapungue, kibaki kikombe 1. Chuja kwa kitambaa safi, rudisha motoni, tia vikombe 2 vya sukari, ukoroge mpaka iyeyuke yote, kisha uepue. Ikiisha kupoa, ndipo ukamulie malimau 2. Wengi hutia limau tangu mwanzo, nayo ni hasara, maana vitamini C iliyomo hupotea kwa moto mwingi. Wala usitumie sufuria ya shaba: ukali wa limau huila shaba, na shaba nayo huiharibu vitamini hiyo. Chupa na ichemshwe dakika 10 kabla ya kujazwa. Kijiko kikubwa kimoja katika kikombe cha maji ya moto chamtosha mtu mzima.

Huenda mama mwenye kubana matumizi akauliza, mbona sukari nyingi hivi? Si kwa ajili ya utamu tu. Sukari ikizidi huyashika maji, na vijidudu vikikosa maji haviwezi kuongezeka. Atiaye nusu kwa kuiona ghali, shira yake huchacha upesi, naye amepoteza yote. Asali ni vivyo hivyo: ikiwa safi hukaa miaka, bali ikichanganywa na maji huumuka, kama wajuavyo sana wapikao wanzuki. Kwa hiyo palipo hakuna sanduku la barafu, pika kidogo, imalizike kwa juma moja. Kizibo kikiruka chenyewe na povu likatoka, mama, hiyo si shira tena, imwage.

Katika matunda twasifu mapera, ambayo yana vitamini C kupita machungwa. Yakate yaliyoiva, yafunike kwa maji, yachemshe hata yalainike, kisha yachuje bila kuyakamua. Kwa kila kikombe cha maji yake tia kikombe cha sukari, ukoroge iyeyuke, uepue mara moja, kwa kuwa yakikaa motoni hugandamana kama jemu. Uingereza nako, wakati wa vita, machungwa yalipokuwa haba, tangu mwaka 1941 watu, hata watoto wa shule, walikusanya matunda mekundu ya mawaridi ya mwituni, yakapikwa shira ya kuwapa watoto wadogo wasipungukiwe na vitamini hiyo.

Je, shira huponya mafua? La. Mafua huja na kwenda yenyewe kwa siku zake; shira hulainisha koo na kutuliza kikohozi, mtu apate usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika maandishi yake ya mwaka 2001 juu ya dawa za kikohozi za watoto, lilikubali vitu vya kulainisha koo vipikwavyo nyumbani, maadamu havina madhara.

Na madhara yapo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata tone, wala shira yenye asali, kwa kuwa huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho humea tumboni mwa mtoto mchanga na kutoa sumu ya kulegeza viungo hata pumzi. Kuipika jikoni hakuziui mbegu hizo. Huyo dawa yake ya koo ni maziwa ya mama. Tena mkaratusi usitiwe katika shira kamwe; mafuta yake ni sumu kwa watoto, hata kidogo. Mwenye kisukari naye aache shira, anywe maji ya tangawizi yasiyo na sukari.

Walakini lituhuzunishalo zaidi ni mtoto apewaye shira siku tatu, nne, kumbe mapafu yanaugua. Waalimu wenye saa yenye mshale wa nukta waweza kusaidia majirani hapa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo, utazame kifua kikipanda, uhesabu dakika 1 nzima. Aliye chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 hata asiyetimiza mwaka akifika 50, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, apelekwe hospitali siku ile ile. Na sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au akishindwa kunywa, msingoje kuhesabu. Aende hata kama ni usiku.