Moshi Usio na Moto Ziwa Malawi

Msomaji wa Dzaleka ametuuliza kuhusu moshi aliouona huko Salima, umesimama katikati ya ziwa wala hakuna kinachoungua. Ni wadudu. Chaoborus edulis, wadogo mfano wa mbu, wametoka majini kwa mamilioni ili wapandane. Wenyeji huwaita nkhungu, huwanasa na kuwafinyanga mikate ya kitoweo.

Chakula chao huletwa na majira. Masika, Mto Lilongwe humwaga tope lake katika Linthipe, nayo Linthipe hulifikisha ziwani. Kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa mwera huchanganya maji ya juu na ya chini yenye rutuba. Mwani hustawi, vijidudu vinavyoelea huula, kiluwiluwi wa nkhungu huvila, na usipa, dagaa wanaouzwa sokoni Lilongwe, huwala wote.

Ila kiluwiluwi wetu haelei ovyo kama vijidudu hivyo. Mchana huwakimbia samaki hadi kina cha mita 200 na ushee, oksijeni inapokaribia kwisha. Usiku hupanda kula. Huko chini maji yanambana kwa nguvu zaidi ya mara 20 ya hewa tunayoivuta. Anarekebishaje kuelea kwake?

Ana mifuko minne ya hewa. August Krogh wa Denmark aliichunguza mwaka 1911; siri ya mifuko hiyo ilifumbuliwa Vancouver mwaka 2022, kwa kuchunguza ndugu wa kiluwiluwi huyu aishiye Amerika Kaskazini. Ukuta wa mfuko ni pete ngumu zilizopishana na pete za resilini, protini inayonyumbuka. Chukua bomba la pete za chuma, kila nafasi katikati ijaze maharage makavu. Tia maji na magadi: maharage yanavimba, yanasukuma pete, bomba linarefuka, hewa ya ndani inapata nafasi kubwa. Ndivyo resilini inavyofanya seli za ukuta zikiongeza alkali, na mdudu anakuwa mwepesi. Zikiongeza asidi, resilini inasinyaa, mfuko unafupika, mdudu anazama. Maharage hayo hayarudi kuwa makavu. Resilini hurudi, kila mara anapotaka, bila msuli hata mmoja.

Resilini hiyohiyo ndiyo humrusha kiroboto. Huku imegeuzwa mtambo wa kupanda na kushuka, na ndiyo inayomfikisha kiluwiluwi usiku kwenye mlo wake, ambako usipa nao wanamvizia.