Mkataba wa Mkulima na Kampuni

Watu wengi husikia neno mkataba wa kilimo, lakini si wengi wajuao maana yake sawasawa. Yafaa jambo hili lielezwe wazi, ili wenyeviti wa vijiji, waalimu na wote wajuao kusoma, huko Chiwanda na penginepo katika mwambao wa Ziwa Nyasa, waweze kuwafahamisha wenzao kabla kalamu haijashikwa. Mara nyingi karatasi huja wakati mtu ana haja ya mbegu, na mwenye haja hasomi sana.

Mkataba huu ni mapatano yafanywayo kabla ya kulima. Kampuni huahidi kununua mazao ya namna fulani, na mara nyingi hutoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Mkulima naye huahidi kulima kama alivyoelekezwa, na kutomwuzia mtu mwingine. Siku ya mauzo, thamani ya vitu alivyokopa hukatwa kwanza, na kinachobaki ndicho chake. Basi msomaji aangalie hapa: kwa nje mkataba huonekana kuwa ni biashara ya mazao, lakini ndani yake mna deni, na deni hilo huanza siku ya kupokea mbolea, wala halingoji mavuno. Mvua yaweza kukosekana na bei yaweza kushuka. Deni hubaki vile vile.

Mambo ya namna hii si mageni katika nchi yetu ya kusini. Katika milima ya Mbinga, ambako Wamatengo hulima kahawa, kuna mapatano yaitwayo magoma. Mtu mwenye shida, kahawa yake ingali mtini, huchukua fedha kidogo kwa mwenye nazo, na wakati wa mavuno hulipa kwa kahawa ambayo thamani yake yapita sana ile fedha. Huko Kagera huitwa butura. Wakuu wa Serikali wameyakemea mara nyingi, walakini hayajakoma, maana njaa haisikii tangazo. Ubaya wa magoma ni kwamba bei hupatanwa siku ambayo mmoja ana njaa na mwenziwe ameshiba. Mkataba wa kampuni waweza kuwa mwema kuliko hayo, kwa kuwa umeandikwa na una mashahidi. Lakini ukitiwa sahihi bila kusomwa, ni magoma yaliyopigwa chapa.

Njia ya ushirika nayo ni ya zamani. Mwaka 1936 Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama chao kikuu cha kuuza mazao, Songea, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, na tumbaku ndiyo iliyokuwa zao lake kubwa. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982; kisha katika miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa na makampuni yakaingia. Siku hizi tumbaku hulimwa kwa mikataba, na mara nyingi mkataba hupita katika chama cha msingi. Hapo pana jambo la kuangaliwa. Chama kikichukua mkopo kwa niaba ya wote, wanachama huwa wadhamini wao kwa wao. Basi yule aliyelima vizuri aweza kukatwa fedha zake kwa ajili ya jirani aliyeuza tumbaku yake usiku. Udugu mwingi umevunjika kwa sababu hii, huko Tabora na kwingineko.

Sasa tuseme mtu amekopeshwa mifuko miwili ya mbolea kwa shilingi 150,000, mbegu kwa shilingi 30,000 na dawa kwa shilingi 40,000. Deni lake ni shilingi 220,000. Kampuni imeandika ya kuwa itanunua kwa shilingi 600 kila kilo, naye akavuna kilo 500. Akihesabu nyumbani aona shilingi 300,000, na baada ya deni shilingi 80,000. Lakini siku ya mauzo karani asema, mazao haya ni daraja la pili, bei yake shilingi 400. Jumla yawa shilingi 200,000. Mtu huyu amelima msimu mzima, naye arudi nyumbani akidaiwa shilingi 20,000. Wala hakuna aliyemwibia, kama karatasi yake yasema ya kuwa daraja huamuliwa na mnunuzi peke yake.

Kwa hiyo, kuliko bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa, yafaa kutazama ni nani apimaye na ni nani achaguaye daraja. Mizani haina budi kuwa na alama ya Wakala wa Vipimo, na mkulima awe na haki ya kusimama karibu na kusoma namba. Huko Kilombero wakulima wa miwa hulipwa si kwa uzito tu bali kwa kiasi cha sukari kilichomo, na sukari hiyo hupimwa kiwandani. Muwa uliokatwa ukikawia shambani hupungua sukari. Basi gari likichelewa, hasara ni ya nani? Neno hili lapasa kuandikwa, lisiachiwe huruma ya mtu.

Tena kampuni yenyewe yaweza kuanguka. Mumias, katika Kenya ya magharibi, kiwanda cha sukari kilianza kazi mwaka 1973, na maelfu ya watu waliacha sehemu kubwa ya mashamba yao kwa miwa. Kampuni ililima, ikaleta mbegu na mbolea, ikakata na kubeba miwa, na gharama zote zikakatwa katika malipo, hata wengine wakapokea hati isiyo na senti. Mwaka 2019 kampuni ile iliwekwa mikononi mwa msimamizi kwa ajili ya madeni yake. Mwenye miwa hawezi kuila kama chakula. Mkulima wa Chiwanda mwenye mihogo na mpunga asiutoe mkataba shamba lake lote. Aache sehemu ya chakula cha nyumbani.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mkulima akipokea mbolea ya kampuni, kisha akamwuzia mchuuzi mwenye fedha mkononi, amevunja ahadi, na kampuni iliyopoteza fedha hairudi mwaka wa pili. Wanaoumia ni majirani walio waaminifu.

Kwa Sheria ya Mikataba, iliyowekwa Tanganyika mwaka 1961, mapatano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye akili timamu waliotimiza umri wa miaka 18, kwa jambo la halali. Yaliyopatikana kwa nguvu au kwa hila yaweza kutanguliwa, yule aliyeonewa akitaka. Wengi hudhani neno la mdomo halifungi. Sivyo, hufunga, ila kulithibitisha ni kazi ngumu. Basi anayeletewa karatasi ya Kiingereza aombe ya Kiswahili, aende nayo kwa bwana shamba au mwalimu, akae nayo siku mbili. Akitia sahihi au dole gumba, apewe nakala yake siku ile ile, pamoja na hati ya kila mfuko aliopokea. Azitunze hata baada ya kulipwa: sheria ya mwaka 1971 yampa mtu miaka 6 ya kupeleka madai ya mkataba mahakamani, tangu siku ulipovunjwa.